Kapu, bahasha, harambee au simu: njia ipi ya kutoa inalinda siri ya nani?

Kwa miaka tisa nilikuwa mmoja wa watu watatu waliobaki kanisani baada ya ibada kuhesabu sadaka. Milango inafungwa, makapu yanamwagwa juu ya meza, sarafu za mia na mia mbili zinapangwa mafungu ya kumi kumi, noti zilizokunjwa mpaka zikawa kama kipande cha kiberiti zinanyooshwa moja moja, na mzee wa kanisa anaandika. Ukikaa kwenye meza ile muda mrefu unajua mambo ya watu ambayo hukuomba kuyajua.

Nadhani ndiyo sababu binti mmoja wa usharika wetu, aliyekuwa ameajiriwa mwaka ule ule, alinijia siku moja nje ya ofisi. "Shikamoo mama. Nataka kutoa laki moja kila mwezi kwa mtu mwenye shida, ila sitaki ijulikane ni mimi. Niiweke wapi?" Nikamwambia, weka kwenye kapu mwanangu, hakuna atakayejua. Lilikuwa jibu la haraka, na kwa kweli halikuwa jibu zuri. Laki yake ya kwanza iliingia kwenye mfuko wa jumla pamoja na sadaka nyingine zote, na wiki ile mfuko ule ulilipa umeme. Hakuna aliyekosea. Umeme ulikuwa unadaiwa. Lakini hakuna mwenye shida aliyepata kitu.

Tangu siku ile nimekuwa nikizilinganisha njia zetu za kutoa, moja kando ya nyingine, na haya ndiyo niliyoyaona.

Siri ya nani hasa?

Tunalijua wote neno la Mathayo 6: "Bali wewe utoapo sadaka, hata mkono wako wa kushoto usijue ufanyalo mkono wako wa kuume." Kabla yake Bwana amesema tusipige panda mbele yetu kama wafanyavyo wanafiki katika masinagogi na njiani. Mara nyingi tunalisoma neno hilo kana kwamba linamhusu mtoaji peke yake: jifiche, usijisifu, basi.

Lakini Wayahudi wa nyakati zile walikuwa na desturi iliyokwenda mbali zaidi. Mishna, mkusanyo wa mafundisho yao ya kale, inaeleza kwamba katika hekalu la Yerusalemu palikuwa na chumba kilichoitwa chumba cha siri. Wacha Mungu waliingia wakaweka, na maskini wa jamaa za heshima waliingia wakachukua, bila wa kwanza kumwona wa pili. Mishna hiyo hiyo inataja masanduku 13 ya sadaka hekaluni yenye umbo la pembe, yaani panda. Sehemu moja, njia mbili: sanduku la wazi ambalo kila apitaye analiona, na chumba ambacho hata aliyesaidiwa hajui amshukuru nani. La kwanza lilikuwa la mahitaji ya hekalu, la pili lilikuwa la watu. Naomba ukumbuke mgawanyo huo, kwa sababu ndio nitakaoutumia mpaka mwisho.

Kwa hiyo ninapopima njia yoyote ya kutoa ninauliza maswali matatu. Je, inamficha mtoaji? Je, inamficha mpokeaji? Je, inaificha pesa yenyewe? Mawili ya kwanza ni siri njema. La tatu ni hatari. Paulo alipokuwa anapeleka mchango wa watakatifu wa Yerusalemu hakuubeba peke yake, alituma na ndugu wengine, akaeleza sababu waziwazi katika 2 Wakorintho 8: wasije wakalaumiwa kwa habari ya karama ile, wakifikiri yaliyo mema "si mbele za Bwana tu, ila na mbele ya wanadamu." Pesa ya sadaka haitakiwi kuwa na siri hata kidogo. Makanisa mengi, nalisema hili kwa huzuni, yamepindua mambo: jina la mtoaji linasomwa kwa kipaza sauti, shida ya mpokeaji inatangazwa, na kitabu cha hesabu ndicho kinachofungiwa kabatini.

Kapu na bahasha

Kapu ndilo linaloonekana kuwa na siri kuliko vyote. Mkono unaingia, mkono unatoka. Anayehesabu anakuta rundo lisilo na majina. Hata hivyo inategemea linavyopitishwa. Kapu linalozungushwa kwenye mabenchi linamstahi asiye na kitu. Anaweza kuingiza ngumi tupu na jirani asijue. Sanduku lililowekwa mbele, ambapo watu wanainuka mstari kwa mstari huku kwaya ikiimba, halimstahi. Abakiye kwenye benchi anaonekana na kanisa zima. Nimewaona akina mama wakikopa mia mbili kwa jirani ili tu wapate cha kwendea mbele. Pia nimemwona mtu akiishika noti ya elfu kumi imenyooka kama bendera toka kwenye kiti chake mpaka kwenye sanduku.

Udhaifu mkubwa wa kapu ni ule uliompata binti yule: pesa haina maelekezo. Inaingia kwenye mfuko wa jumla unaolipa mwinjilisti, mlinzi, umeme, mvinyo wa meza ya Bwana, na sehemu yake inakwenda dayosisi. Ni matumizi halali na ya lazima. Kama nia yako ni kuibeba kazi ya kanisa bila jina, kapu linatosha kabisa na huna haja ya kutafuta njia nyingine. Kama nia yako ni mjane wa nyumba ya tatu, kapu halimjui.

Bahasha ni kinyume. Ina jina lako au namba yako, ina mwezi, ina kiasi, na nyumbani una kadi inayojazwa. Wengi wanaotaka unyenyekevu wanaikimbia bahasha wakidhani ndiyo panda yenyewe. Mimi naitetea, na nina sababu. Mwaka mmoja mama mmoja anayeuza vitumbua alikuja ofisini na kadi yake na vipande vya bahasha, akasema miezi mitatu aliyotoa haimo kwenye kitabu. Tulipofuatilia tukagundua bahasha zilikuwa zinafunguliwa kabla ya kufika mezani. Pesa ya kapu ingepotea miaka kumi bila mtu kujua, kwa kuwa hakuna anayeweza kusimama na kusema "yangu haipo". Bahasha yenye jina ndiyo iliyotufumbua macho. Yule mama hakuwa na majivuno hata chembe. Alikuwa anatoa elfu tatu kwa mwezi na jina lake liliandikwa kwa penseli.

Kinachoiharibu bahasha ni kile tunachoifanyia baadaye. Orodha inabandikwa kwenye ubao wa matangazo, jina na kiasi, kutoka mkubwa hadi mdogo. Au inasomwa. Au, na hili ndilo linaloniuma kuliko yote, inakumbukwa siku ya msiba: familia imekuja kuomba ibada ya mazishi na swali la kwanza ni kadi ya marehemu iko wapi. Hapo 2 Wakorintho 9:7 inakuwa imefutwa, ile isemayo kila mtu na atende kama alivyokusudia moyoni mwake, "si kwa huzuni, wala si kwa lazima".

Ukiweza kuchagua, omba bahasha ya namba badala ya jina, na daftari la kulinganisha namba na majina likae kwa mtunza hazina na mchungaji tu. Unapata ulinzi wa pesa bila kusomwa na kila mtu. Ipo pia njia ya tatu ambayo watu wachache wanaitumia: bahasha ya kawaida ya dukani, haina jina, ila juu yake umeandika kazi ya pesa hiyo. "Dawa za mgonjwa." "Sare." Wanaohesabu waaminifu wataiandika peke yake kama sadaka maalumu. (Andika kwa herufi kubwa. Baada ya miaka michache mezani tulikuwa tunaitambua miandiko. Palikuwa na mzee mmoja ambaye kila Desemba alitoa pesa nyingi bila jina, na sote watatu tulimjua kwa namna alivyoikata herufi "t". Hatukuwahi kulisema, hata baina yetu, mpaka alipofariki.)

Mnada na harambee

Hapa tunatoka sirini kabisa, na watu wa kiroho hupenda kuharakisha kuhukumu. Polepole kwanza.

Mnada wa mazao baada ya ibada, ambao sisi Walutheri tumeulea sana, ni jambo la wazi lisilo na aibu ndani yake. Mtu asiye na fedha analeta mkungu wa ndizi, mayai sita, jogoo aliyefungwa miguu kwa kamba ya mgomba. Mnadi anapandisha, watu wanacheka, mayai ya elfu tatu yananunuliwa elfu ishirini, mnunuzi anayarudisha yauzwe tena. Aliyeleta mayai anaona kitu chake kidogo kimekuwa kikubwa mbele ya macho yake. Jina la mnunuzi linajulikana, ndiyo, na pengine anajisikia. Lakini mwenye mayai anakwenda nyumbani ameinuliwa. Siwezi kuita hiyo panda ya wanafiki.

Harambee ina uzito mwingine. Neno lenyewe Jomo Kenyatta alilifanya mwito wa taifa Kenya ilipopata uhuru mwaka 1963, na shule nyingi za vijijini zikajengwa kwa mikono na michango ya wenyeji hadi zikaitwa shule za harambee. Ni urithi mzuri. Makanisa yamejenga kwa harambee mapaa, zahanati na visima ambavyo kapu lisingevifikia kwa miaka ishirini. Na Biblia haiikatai njia ya wazi. Yusufu aliyeitwa Barnaba aliuza shamba akaiweka fedha miguuni pa mitume, na Luka akaliandika jina lake na kabila lake na kisiwa alichotoka. Mjane wa senti mbili alitupa mbele ya watu wote huku Yesu ameketi anatazama. Paulo aliwasifu Wamakedonia kwa Wakorintho, na Wakorintho kwa Wamakedonia, akitaka bidii ya hawa iwaamshe wale. Ukitoa waziwazi kwa ajili ya kitu kitakachobaki cha wote, unamwamsha na jirani yako, na hapo Mathayo 5:16 inatimia: watu wanayaona matendo mema, "wamtukuze Baba yenu aliye mbinguni."

Kisa kinachofuata kile cha Barnaba ni cha Anania na Safira, mume na mke waliouza shamba wakabakiza sehemu ya fedha. Tunasahau kwamba kosa lao halikuwa kutoa mbele ya watu, wala kubakiza. Petro alimwambia Anania wazi kuwa shamba lilikuwa lake na hata baada ya kuuzwa fedha ilikuwa chini ya uwezo wake. Kosa lilikuwa kutaka kuonekana ametoa zaidi ya alichotoa. Ndiyo sababu sehemu ya harambee ninayoiogopa ni ile ya ahadi. Mshereheshaji anaanza na mgeni rasmi, anashuka: milioni, laki tano, laki moja. Watu wanainua mikono kwa sababu wenzao wameinua. Miezi sita baadaye mimi nilikuwa ndiye ninayepiga simu za kukumbushia, na naweza kusema simu zile zilivunja urafiki mwingi kuliko dhambi nyingine yoyote niliyoiona pale kanisani. Wenye elfu moja waliitwa mwisho, wakati viti vimeshaanza kubaki wazi.

Kenya wameyaona madhara haya kabla yetu. Sheria ya Maadili ya Maafisa wa Umma ya mwaka 2003 ilimzuia afisa wa umma kutumia ofisi au cheo chake kukusanyia fedha za harambee. Na mnamo Novemba 2024, Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi alitangaza kuwa fedha ambazo Rais William Ruto alizitoa katika parokia ya Soweto huko Embakasi zitarudishwa: shilingi za Kenya milioni 2 za ujenzi wa nyumba ya mapadre na laki 6 za kwaya, pamoja na kukataa alichoahidi kuongeza. Zilikuwa fedha za kazi njema kabisa. Kanisa lilipima likaona bei ya jukwaa lile ni kubwa kuliko nyumba ya padre. Nililiheshimu sana tendo lile, maana najua ilivyo vigumu kurudisha pesa wakati mafundi wanadai.

Hukumu yangu juu ya harambee basi ni hii: ichangie paa, kisima, gari la wagonjwa. Usiichangie kwa ajili ya mwili wa mtu, isipokuwa mwenyewe ameomba na amejua atakachoulizwa. Nilikuwepo siku ambapo mama mwenye mtoto mgonjwa aliitwa mbele, akaambiwa amgeuze mtoto ili watu waone uvimbe. Pesa ilipatikana, tena ilizidi. Mtoto alitibiwa, akapona. Yule mama hakurudi kwenye usharika wetu tena. Alihamia kanisa ambako hakuna aliyemwona siku ile.

(Rambirambi usizichanganye na haya. Daftari la msibani lenye majina na viwango halipo kwa ajili ya sifa. Lipo ili familia ijue nani alisimama nao, na wao wasimame naye zamu yake ikifika. Ukienda msibani ukatoa bila jina kwa sababu ya Mathayo 6, umewanyima wafiwa nafasi ya kukulipa undugu. Andika jina.)

Mkononi, kwa simu, au kupitia mtu

Hii ndiyo sehemu inayomhusu binti yule, na ndiyo niliyoikosea hata mimi mwenyewe.

Kisa cha Nikolao, askofu wa Mira katika karne ya 4, mji ambao leo uko Uturuki, kimesimuliwa kanisani tangu zamani. Baba mmoja aliyefilisika alikuwa na mabinti watatu na hana mahari. Wasichana walikuwa karibu kuuzwa katika uasherati. Nikolao alipita usiku akatupa mfuko wa dhahabu dirishani, mara moja, mara ya pili, na mara ya tatu yule baba alikesha akamkamata. Nikolao alimwapisha asiseme. Angalia alichokuwa anakilinda. Kama dhahabu ile ingetolewa mchana, mji mzima ungejua mabinti wale walifika wapi, na nani angewaoa? Giza lile lilikuwa la wasichana kuliko lilivyokuwa la askofu.

Sasa simu. Tangu M-Pesa ianze Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka uliofuata, kumtumia mtu pesa kumekuwa kwepesi kuliko kumsalimia. Haraka yake ni baraka kwa mgonjwa aliyeko mapokezi. Lakini kwa siri ya mtoaji haifai, kwa kuwa ujumbe unafika na jina lako kamili. Mpokeaji anajua. Na akishajua, uhusiano wenu hauwi ule wa jana.

Nilikuwa na jirani, rafiki yangu, tukiazimana chumvi na kusukana nywele. Mumewe alipoachishwa kazi nikawa namtumia elfu thelathini kila mwisho wa mwezi. Sikumwambia mtu. Nilijiona nimeitimiza Injili. Mwezi wa tatu akaanza kuniletea ndizi nisizozihitaji. Akawa anafagia mpaka upande wangu wa uwanja alfajiri kabla sijaamka. Tukikaa barazani hakunibishia tena, na zamani tulikuwa tunabishana juu ya kila kitu. Siku moja tulikutana sokoni akiwa amenunua nusu kilo ya nyama, akaificha chini ya mboga aliponiona. Nikajua nimempoteza. Dunia nzima haikujua kuwa mimi ndiye ninayetoa, ila mtu mmoja tu ndiye alikuwa hatakiwi kujua, na huyo ndiye aliyejua.

Musa bin Maimuni, mwalimu mkubwa wa Kiyahudi aliyefariki mwaka 1204, alipanga ngazi nane za sadaka, na ngazi zake zinanisaidia kuliko mahubiri mengi niliyosikia. Ya juu kabisa si siri: ni kumkopesha mtu, kumwingiza katika shughuli au kumpa kazi, ili asihitaji kuombaomba tena. Inayofuata ni pale ambapo mtoaji hamjui mpokeaji wala mpokeaji hamjui mtoaji, na mfano anaoutoa ni kile chumba cha hekaluni. Chini yake, mtoaji anajua lakini mpokeaji hajui. Mimi kwa jirani yangu nilikuwa chini ya hapo. Na ningeweza kupanda hadi juu: alikuwa fundi mzuri wa kushona, na mimi nilikuwa na cherehani iliyolala chini ya kitanda.

Jirani zetu Waislamu nao wana aya iliyo karibu sana na hili, Sura ya Baqara aya ya 271: kudhihirisha sadaka ni vizuri, na kuificha unapowapa mafakiri ni bora zaidi. Mgawanyo ni ule ule wa hekalu.

Inabaki njia ya mtu wa kati: mchungaji, mwenyekiti wa jumuiya, mama wa diakonia, yaani huduma ya kanisa kwa wahitaji. Hii, ikiwa na ulinzi, naipa nafasi ya kwanza kwa msaada wa mtu kwa mtu. Wenzetu Wakatoliki wana mfano ulioiva. Mwaka 1833 huko Paris, Frédéric Ozanam akiwa kijana wa miaka 20 alianzisha na wenzake kile kilichokuja kuitwa Chama cha Mtakatifu Vinsenti wa Paulo. Wanachama humtembelea mhitaji nyumbani kwake, wawili wawili, na yanayoonwa humo hayatoki nje. Katika mikutano yao huzungushwa mfuko wa sadaka ya siri ambamo kila mmoja hutoa kadiri awezavyo bila mwenzake kujua kiasi. Yote matatu yamo: mtoaji amefichika, aliyesaidiwa amestahiwa, na pesa ina macho mawili juu yake.

Bila yale macho mawili mtu wa kati ni hatari kuliko simu. Anaweza kumega. Anaweza kutoa pesa yako na kuchukua shukrani yeye. Anaweza kumwekea maskini masharti ambayo wewe hukuyaweka, eti lazima aje maombi ya Jumatano kwanza. Kwa hiyo usimpe mtu mmoja, hata akiwa mchungaji unayempenda, wape wawili. Na omba risiti ya hospitali au ya duka, usiombe picha. Picha ya bibi ameshikishwa mfuko wa unga huku watu sita wamesimama nyuma yake inathibitisha kwamba bibi alipigwa picha. Risiti inathibitisha kwamba dawa ilinunuliwa.

Ukiwa nayo mkononi leo

Kama ni fungu la kumi au sadaka yako ya kawaida, bahasha ya namba. Kama huwezi kukwepa jina, andika jina na uache kuliwaza. Kulihangaikia sana jina lako lisionekane nako ni kulitazama. Nimewajua watoaji wa siri waliokuwa wanapita mezani kwetu kila wiki kuona kama tumewashuku, na nyuso zao zilitaka tuwashuku.

Kama ni ujenzi, nenda kwenye harambee, lakini nenda na pesa taslimu na usiahidi. Hata kama ni kidogo, kiweke chote siku hiyo.

Kama ni mtu usiyemjua, au unayemjua sana na unataka mbaki marafiki, pitia kwa wawili. Kama ni dharura ya usiku, tuma kwa simu, jina lionekane, na usirudie mwezi unaofuata kwa njia hiyo. Kama mtu ana ufundi, anza na ile ngazi ya juu kabla ya kufikiria bahasha yoyote.

Binti yule nilimwita baada ya mwezi nikamwomba radhi kwa jibu langu. Tukaongea na akina mama wawili wa diakonia bila kumtaja. Sanduku lao dogo liko karibu na mlango wa nyuma, na humo akawa anaweka bahasha isiyo na jina yenye maneno "mwanafunzi wa sekondari". Ada ya shule za serikali ilishafutwa, lakini godoro, sare, viatu na mchango wa chakula havikufutwa. Wale akina mama wawili walinunua, wakasaini wote, wakaleta risiti. Mwisho wa mwezi tulibandika kwenye ubao karatasi ya diakonia yenye vitu na bei zake, bila majina, na kila Jumapili ya kwanza nilikuwa namwona amesimama pale katikati ya watu wengine, anasoma: sare jozi mbili, viatu, godoro moja. Anamaliza, anaaga, anakwenda kupanda daladala. Nani amelalia godoro lile hajui, na hajaniuliza hadi leo.